Fremu ya Bwana Daraja

Mama Pindo alikuwa na mdomo, hilo halina ubishi. Hata jina lake lilitokana na mdomo huo. Mteja akija na nguo iliyoshonwa kwingine, yeye kabla ya salamu anaigeuza, anakagua pindo la chini, halafu anauliza, "Aliyekushonea hii alikuwa amelala au amekufa?" Watu wanacheka, wanamwachia nguo. Ulimi wake ulikuwa mchafu, lakini mkono wake ulikuwa safi, na mtu havai ulimi wa fundi.

Chumba cha cherehani kilikuwa mbele, kinatazama barabara. Cha kulala kilikuwa nyuma, na katikati pazia la kitambaa cha mabaki. Mume alikwisha kufa. Watoto wawili wa kiume waliondoka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ahadi yake ya kurudi kumjengea, na hadi leo hajaona hata tofali. Alibaki binti, kitindamimba, ambaye wote walimwita Kitinda, naye akaolewa na dereva upande wa pili wa mji. Si mbali hata kidogo. Lakini mtu asiyetaka kuja, hata ukimpangishia chumba cha jirani, hatakuja.

Ukoo wao ulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeipanga. Habari yoyote ilianzia kwa Mama Pindo. Mtoto kaota jino, fulani kafaulu mtihani, fulani kapata kazi, fulani kachumbiwa, anaambiwa Mama Pindo kwanza, kisha yeye ndiye anatangaza. Zamani alitangaza kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Simu zilipokuja akatangaza kwa simu, na walipoanzisha grupu la familia, basi, ikawa kama amepewa redio. Na alijua kutangaza, jamani. Haweki picha na kidole gumba kama wavivu wengine. Mjukuu wake alipoota meno aliandika, "Wapendwa, mtoto wetu sasa ana meno mawili chini. Anayemnyonyesha ajihadhari, anayempa kidole chake ajilaumu mwenyewe." Ukoo mzima ulicheka wiki nzima.

Ila kuna jambo ambalo hakuna aliyeliona, hata yeye mwenyewe. Watu wote walimwambia habari zao ili aziseme. Hakuna aliyempigia kumuuliza zake.

Ndipo akaja yule mgombea.

Alikuja kwa miguu na kundi lake, wanapita mlango kwa mlango, na mtaani walishamwita Bwana Daraja kwa sababu aliahidi daraja kwenye kile kijito kinachofunga njia kila mvua ikinyesha. Kitumbo kilikuwa kimetangulia, na kifungo cha shati lake kiling'oka mbele ya mlango wa Mama Pindo. Akaingia, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mama yangu, niokoe," akasema. "Nitahutubiaje watu kitovu nje?"

"Kitovu si kitu," Mama Pindo akamjibu huku anatunga uzi. "Tumeona mengi kwenu wagombea kuliko kitovu."

Yule bwana akacheka kweli kweli, kichwa nyuma. Halafu, wakati sindano inaingia na kutoka, akamuuliza, "Na wewe mama yangu, hujambo? Watoto wako wako wapi? Wanakuja kukuona?"

Mama Pindo akamwambia. Akamwambia habari za wanawe wa kiume, za binti, za goti lake linalomuuma kwa kukanyaga cherehani, na yule bwana akasikiliza kifungo kizima, anaitikia kichwa, hakutazama simu yake hata mara moja. Alipotoka alimshika mkono kwa mikono miwili.

Fundi viatu wa mlango wa pili, mzee mmoja mchokozi, akachungulia. "Mama Pindo, mbona uso unang'aa? Umehongwa nini?"

"Ameniuliza hali yangu," akasema.

"Na wewe ukaamini anataka kujua?"

"Wewe tangu asubuhi umeniuliza?"

Fundi viatu akarudi kwenye viatu vyake.

Tangu siku hiyo Mama Pindo akawa mtu wa Bwana Daraja, damu na nyama. Vijana wa kampeni wakamwekea kwenye simu kitu wanachokiita fremu. Unachukua picha yoyote, unaitia humo, inatoka na mzunguko wa rangi za chama, juu pembeni uso wa Bwana Daraja unacheka, na chini maandishi makubwa: TUNAVUKA NAYE. Mama Pindo aliipenda fremu ile kama mtoto mdogo. Ilikuwa nadhifu. Ilikuwa na pindo.

Akaanza kuitumia. Mjukuu wa dada yake alipohitimu chekechea, picha ikatoka ndani ya fremu. Kaka yake alipotoka hospitali kukatwa ngiri, yuko kitandani na shuka hadi kidevuni, juu yake Bwana Daraja anacheka, chini TUNAVUKA NAYE. Kaka akapiga simu kwa mtu mwingine, si kwake, akauliza, "Huyu dada ananiombea nivuke kwenda wapi?" Mama Pindo hakuyajua hayo. Alikuwa amenogewa. Akafungua picha za zamani, akazitia zote, na siku ya kumbukumbu ya ndoa ya binti yake akatoa ile picha ya harusi yenyewe, bibi na bwana wameshikana mikono, akaitia kwenye fremu, akaituma na maneno matamu ya kuwapongeza.

Sasa, mkwe wake dereva alikuwa anaendesha gari la matangazo. Lile lenye spika mbili juu. Na gari lenyewe halikuwa la Bwana Daraja. Lilikuwa la mpinzani wake.

Mama Pindo alijua? Alijua. Aliambiwa na alisahau, au alikumbuka na akaona si neno, nani ajuaye. Kichwa cha mtu aliyefurahi hakina adabu.

Baada ya picha ile grupu likanyamaza. Yeye akadhani watu wana shughuli, msimu wa kampeni, bando ghali. Akaendelea kutuma. Asubuhi njema familia, hakuna jibu. Bwana Daraja alikuwa sokoni jana, hakuna jibu. Mbona kimya, mmekunywa gundi? Hakuna jibu. Miezi ikapita. Alikuwa anakanyaga cherehani na simu iko kwenye meza kando ya mkasi, kila ikitetemeka anaacha mguu hewani, kumbe ni kampuni ya simu inamtakia siku njema.

"Wapigie basi," fundi viatu akamwambia.

"Nipige mimi? Mimi ndiye nimewazaa au wao wamenizaa?"

Aliyekuja kumfumbua macho ni mtoto wa kaka yake, binti msusi, mwenye moyo mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alileta gauni la kupunguzwa kiuno. Akiwa amesimama mbele ya kioo na pini pande zote, akasema, "Na Kitinda naye, tumbo lile! Shangazi, unaonaje, la kiume au la kike?"

Pini ikabaki katikati ya midomo ya Mama Pindo.

"Tumbo la nani?"

Msusi akamtazama kwenye kioo. Akajua ameshajikwaa na hawezi kurudi. "Shangazi, si… si lipo kwenye grupu?"

"Grupu lipi?"

Lilikuwepo jingine. Mkwe ndiye aliyelianzisha, siku ile ile ya picha ya harusi, na akalipa jina FAMILIA BILA SIASA. Wote walikuwa humo, wa upande huu na ndugu wa mkwe pia. Lile la zamani walikuwa wametoka zamani, mmoja mmoja, na kama Mama Pindo angejua kusoma yale maandishi madogo ya kijivu angeona kila aliyetoka. Alibaki yeye na msusi, naye msusi alisahau tu kutoka.

"Hakuna aliyekuficha, Shangazi, haki ya nani," msusi akasema. "Kila mtu alidhani mwenzake amekwambia. Si unajua sisi, wa kusema ni wewe siku zote."

"Nipe hiyo simu."

Akakaa kwenye kigoda, akaitelezesha juu kwa kidole. Mjukuu ameanza kutembea. Kijana wake mkubwa amehama nyumba. Na Kitinda, kitindamimba wake, kasimama kando, mkono juu ya tumbo kubwa tayari, na chini yake watu wameweka vidole gumba na maua. Hakuna aliyesema neno la maana. Jambo kama lile, mtoto wa kwanza wa binti, limetangazwa kama bei ya nyanya.

"Nikuongeze?" msusi akauliza polepole. "Lakini itabidi uahidi, Bwana Daraja abaki nje."

"Waulize kwanza kama wananitaka."

Msusi akaandika: Shangazi anaomba aongezwe. Wakakaa wote wawili wanatazama kioo cha simu. Ikaonyesha huyu amesoma, yule amesoma, wote wamesoma. Nje gari likapita, likapita jingine. Kisha Kitinda mwenyewe akajibu, maneno manne.

Baada ya uchaguzi jamani.

"Baada ya uchaguzi," Mama Pindo akasoma kwa sauti. "Na mimba nayo itasubiri uchaguzi?"

"Si Kitinda huyo, Shangazi. Ni mumewe anamkalia kichwani."

"Mumewe ndiye aliyeandika? Vua gauni, nimemaliza."

Alikuwa hajamaliza. Kiuno kilikuwa bado na pini. Lakini msusi alivua, akaondoka, na Mama Pindo akakaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Alitaka kitu kimoja tu duniani sasa: siku binti yake atakapojifungua, awepo. Siyo kusimuliwa. Awepo, amshike mtoto, na yeye ndiye aseme. Ungedhani basi angefunga mdomo, angefuta fremu ile, angesubiri. Mtu mwenye akili zake angesubiri. Lakini mkutano mkubwa wa Bwana Daraja ulikuwa Jumamosi, na walimletea mwaliko wa kukaa viti vya mbele, pamoja na akina mama wa mtaa. Mtu anaitwa mahali pamoja, amefukuzwa pengine. Ataenda wapi?

Akavaa vizuri, akaenda.

Uwanja ulijaa vumbi na watu. Bwana Daraja aliposhuka garini alipita mstari wa mbele anasalimia, na Mama Pindo akamwona anavyokuja, anashika mkono huyu, anashika wa yule. "Mama yangu, hujambo? Watoto wanakuja kukuona?" Kwa huyu hivyo hivyo, na kwa yule hivyo hivyo, neno kwa neno. Alipofika kwake akamshika kwa mikono miwili, "Mama yangu, hujambo? Watoto…" na macho tayari yako kwa mwanamke wa kiti kinachofuata.

Mtu mwingine angenyamaza hapo, angejua alichonunua. Mama Pindo hakuuachia ule mkono.

"Binti yangu atazaa mwezi huu," akasema.

"Oo, hongera sana, mama," na mkono ukaanza kuchomoka.

"Na mumewe," akaongeza haraka haraka, "ndiye anayeendesha gari la spika la mpinzani wako."

Macho yakarudi. Yote mawili. "Nini, mama yangu? Hebu sema tena." Akainama, sikio karibu na mdomo wake, akasikiliza kila kitu, na Mama Pindo alimwambia kila kitu, jina la utani la mkwe, mtaa wanaokaa, tumbo lilivyo. Alisikilizwa. Kwa dakika ile hapakuwa na mtu mwingine uwanjani.

Bwana Daraja akapanda jukwaani, na jambo la kwanza alilosema kwenye kipaza sauti ni hilo. "Yule mwenzangu ana gari la spika, mmelisikia? Basi mama mkwe wa dereva wake huyu hapa, amekaa viti vyangu! Mjukuu wake anazaliwa mwezi huu, na atavuka na nani?"

"Na weweee!" uwanja ukaitikia.

"Simama, mama, wakuone!"

Akasimama. Watu wakampigia makofi, vijana wakamwelekezea simu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kutangaza habari za watu, yeye ndiye aliyetangazwa, na alisimama pale anapunga mkono kama bibi harusi, mjinga wa watu, hajui anachopungia.

Kabla jua halijashuka simu yake ililia. Kitinda. Jina la binti yake kwenye kioo, akaipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Mwanangu!"

"Usiniite mwanangu. Mama, umechukua tumbo langu ukalipeleka kwenye mkutano?"

"Nani kakwambia?"

"Nani hajaniambia! Mji mzima unayo kwenye simu! Mume wangu wamemnyang'anya gari, unasikia? Wamemcheka, wakamwambia nenda kaendeshe kwa mama mkwe wako. Sasa yuko hapa nyumbani, amekaa, hasemi. Na mimi na hali hii! Kwa nini, Mama? Tulikukosea nini?"

Alisema sana. Alisema ya picha ya harusi, ya fremu, ya mjomba na ngiri yake, na ya utotoni ambayo Mama Pindo hata hayakumbuki. Na Mama Pindo, yule ambaye hajawahi kumezea neno la mtu, hakujibu. Alikuwa amekaa kitandani nyuma ya pazia, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili. Kila binti aliponyamaza kuvuta pumzi, yeye aliogopa ndiyo imekwisha.

"Mbona hujibu?"

"Nakusikiliza. Sema tu."

"Sina zaidi."

"Na miguu? Inakuvimba?"

Kwa sauti ya chini, sauti yake ya zamani, "Inavimba jioni." Kisha sauti ya mwanamume nyuma, ikauliza unaongea na nani, na simu ikakatwa.

Hakupiga tena, wala Mama Pindo hakupiga. Kuomba radhi alikujua kwa kusikia tu. Fundi viatu alimwambia, "Nenda ukamwombe mkwe wako msamaha, utapungukiwa nini?" Akajibu, "Nikimwomba yeye, na mimi nani ataniomba?" Hivyo ndivyo alivyokuwa, na hakuna haja ya kumpamba.

Lakini siku msusi alipokuja mbio na nywele za mteja bado ziko mkononi, akasema Kitinda amejifungua usiku wa jana, yuko wodini, na mumewe ametoka kutafuta kazi hadi alasiri, Mama Pindo hakuuliza la kwanza wala la pili. Suruali ya mtu aliiacha chini ya sindano, mguu mmoja umeshonwa.

Wodi ilikuwa ndefu, madirisha juu, vitanda vimesogeleana. Kitinda alikuwa wa mwisho ukutani. Alimwona mama yake, akaangalia mlangoni kwanza, kisha akamwangalia yeye.

"Umekuja na fremu?" akauliza.

"Nimekuja na mikono mitupu."

Hawakucheka, lakini ilibaki kidogo tu wacheke. Kitinda akajisogeza upande, akafunua shuka. Wa kike, uso umekunjamana kama nguo iliyolaliwa. Mama Pindo akampokea. Alimgeuza kidogo kwenye mwanga, akamfunika mguu uliotoka nje, akabaki amemshika. Binti yake alilala hapo hapo, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala udogoni. Msusi akatoa simu akapiga picha, moja ya mtoto, ili waliobaki nyumbani wamwone.

"Twende, Shangazi," akanong'ona mwishowe. "Alasiri imefika."

Wakakaa kwenye benchi nje ya geti wakisubiri gari. Msusi akafungua simu, na Mama Pindo akasogea bega kwa bega kuona. Picha ilikuwa tayari kwenye grupu. Mtoto katikati, amefumba macho, na mikono miwili imembeba, imekatwa hapo kwenye viwiko. Hongera zilikuwa zinamiminika, vidole gumba na maua. Hongera baba. Hongera mama. Hongera kwa bibi na babu wa upande ule. Kisha dada wa yule mkwe akauliza: Na hiyo mikono ya nani?

Ikaonyesha Kitinda anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena.

Ya nesi, akaandika.

Msusi akataka kuizima simu, lakini Mama Pindo alimshika mkono. Aliivuta picha kwa vidole viwili, ikawa kubwa, mpaka mtoto akatoka nje ya kioo na ikabaki mikono peke yake. Kidole cha shahada kilionekana wazi, kimetobolewa tobolewa na sindano za miaka yote, na ukucha umepinda. Akaitazama muda mrefu. Magari mawili yakapita, hakuna lililosimama.

"Niwaandikie ukweli?" msusi akauliza. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Niwaambie ni wewe?"

"Ili mumewe aje amgombeze kitandani pale? Acha." Akamrudishia simu, akafuta kioo chake kwa upindo wa khanga. "Andika hivi. Andika nesi anasema hongereni. Mtoto ni mzuri, na nguo mliyomvalisha imeshonwa vibaya."